Kuku kumi, chupa moja ya chanjo: kuanza ufugaji wa familia hapa Busia, Uganda

Niliwahi kupoteza kuku 23 kati ya 26 ndani ya siku tisa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika Krismasi. Nikaona jogoo mwekundu sokoni, mzito, upanga wake umelala upande kama kofia ya mzee. Nikamfunga miguu, nikapanda naye boda hadi nyumbani, nikamwachia katikati ya wenzake. Siku ya tano akaanza kuzubaa, mabawa yameshuka. Kinyesi kikawa cha kijani kama maji ya mboga. Krismasi ilitukuta tunachimba shimo nyuma ya choo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kideri, ugonjwa huo wa kuku unaoitwa pia Newcastle, hakikuishia kwangu. Kilivuka ua, kikamaliza kuku wa shangazi yangu na wa majirani wawili ambao hawakununua jogoo wala hawakwenda sokoni.

Ndiyo maana naanza na jambo ambalo wengi huliacha mwisho: chanjo. Banda, mbegu nzuri, vyombo vya maji, vyote vinaweza kungoja wiki chache. Kideri hakingoji.

Hatua ya kwanza: tafuta watu wa kugawana chupa

Kideri, wengine hukiita mdondo, hakina tiba. Kina chanjo, tena ya bei ndogo. Inayotufaa sisi tusio na friji ni ile inayostahimili joto, aina ya I-2, ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ilikoandaliwa kwa ajili ya wafugaji wadogo wa nchi zenye joto. Ni tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na unarudia kila baada ya miezi mitatu au minne.

Shida ni kwamba chupa moja huwa na dozi nyingi, mara nyingi 100 na zaidi, nawe una kuku kumi. Ukishaichanganya, haiwekwi hadi mwezi ujao. Itumie siku hiyo hiyo. Hapo ndipo watu hukata tamaa, wakaona chanjo ni ya wenye mashamba makubwa. Mimi naona chupa hiyo imetufanyia hisani, maana inakulazimisha ubishe hodi kwa jirani. Na jirani ndiye unayemhitaji, kwa sababu kuku wako waliochanjwa wanachakura jalala moja na wake.

Fanya hivi. Mwone mwenyekiti wa kijiji (LC1), mwambie unataka kuchanja kuku wa nyumba zote zilizo karibu nawe. Mwone pia daktari wa mifugo wa eneo lenu, akuelekeze chanjo inapatikana wapi na akufundishe kudondosha. Kusanya fedha kabla ya siku yenyewe, kwa idadi ya kuku, hata kama ni shilingi chache kwa kila mmoja. Ukisema mtalipana baadaye, utalipa peke yako.

Siku ya chanjo mnaanza alfajiri kabla ya milango ya mabanda kufunguliwa, maana kuku akishatoka mtakimbizana naye hadi adhuhuri. Watu watatu wanatosha: wa kushika, wa kudondosha, wa kuandika. Chupa ifungwe kwa kitambaa kibichi, ikae kivulini. Mshike kuku ubavuni, lalisha kichwa, jicho litazame juu, dondosha, kisha ngoja. Usimwachie mpaka uone tone limesambaa na amepepesa. Tone likimwagikia shavuni, rudia. Kuku anayeonekana mgonjwa usimguse. Chanjo haitibu, na mikono yako itaupeleka ugonjwa nyumba inayofuata. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo ukingoja mpaka usikie kideri kimeingia kijiji cha pili umeshachelewa.

Sisi tunachanja Machi, Julai na Novemba. Ile ya Novemba ndiyo usiyoweza kuikosa. Desemba kuku wa Uganda nzima wako barabarani, vichwa chini kwenye usukani wa boda.

Na kuku yeyote mgeni, awe wa kununua au wa zawadi ya mkwe, akae peke yake wiki mbili upande wa pili wa nyumba, na chombo chake cha maji. Mimi nilijifunza kwa shimo.

Hatua ya pili: banda

Kwa matetea kumi, jogoo mmoja na vifaranga wanaokua, mita 3 kwa 2 zinatosha kama wanashinda nje. Ukitaka kuwafungia kutwa, hesabu kuku 4 hadi 5 kwa kila mita moja ya mraba. Nguzo za mkaratusi, ukuta wa udongo hadi usawa wa kiuno, juu yake wavu, paa la mabati au nyasi. Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie ndani. Lijenge karibu na dirisha la chumba unacholala, kwa sababu wezi hawapendi kukohoa kwa mwenye nyumba.

Chini tandika makapi ya mpunga. Sisi huku tuna bahati, yanatoka Doho kule Butaleja. Kama huyapati, omba takataka za randa kwa fundi seremala. Kina kiwe vidole vinne hivi, na ugeuze kwa reki kila wiki. Kipimo changu cha usafi ni hiki: inama mpaka uso wako uwe usawa wa kuku, vuta pumzi. Macho yakiwasha, wao wanaolala humo usiku kucha wanaumia kuliko wewe. Badilisha.

Weka vijiti vya kulalia, sentimita 15 hadi 20 kwa kila kuku. Viota viwe vya giza, sentimita 30 kila upande, kimoja kwa kuku wanne au watano. Nyasi zinazozunguka banda zifyekwe, na mvua zikianza mwaga majivu kwa wingi kuzunguka msingi. Siafu wakiingia usiku kwenye sanduku la vifaranga, asubuhi utakuta manyoya.

Hatua ya tatu: chagua kuku, na usidanganywe na idadi

Tangu PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, uzinduliwe kule Kibuku mwezi Februari 2022, na shilingi milioni moja kuanza kufika kwenye familia kupitia SACCO za parishi, nimeona jambo lile lile likijirudia. Mtu anapata fedha, anakimbilia vifaranga 200 wa siku moja. Kabla hajafikia kuuza, fedha ya chakula imekwisha, na kuku wanalishwa pumba tupu mpaka wanachoka.

Piga hesabu kabla ya kukopa. Kuku wa mayai wa kisasa hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Wakiwa 200 ni kilo 24 hivi kila siku inayopambazuka. Gunia la kilo 50 halimalizi siku ya tatu. Kama huna mnunuzi wa mayai wa uhakika, huyo si kuku wa kuanzia. Ni mpangaji anayekula kabla ya kulipa.

Anza na matetea kumi wa kienyeji na jogoo mmoja asiye ndugu yao. Nunua kwa mtu unayemjua, nyumbani kwake, siyo sokoni. Mtazame kuku akiwa anatembea: macho maangavu, puani pakavu, manyoya ya mkiani safi. Mguse kifua, mfupa ukikukata kidole kama kisu, mwache.

Kuroiler, mbegu iliyotoka India na kujaribiwa hapa Uganda kuanzia mnamo 2010 kupitia kituo cha vinasaba vya wanyama kule Entebbe, hukua haraka na kutaga zaidi, naye anajua kuchakura. Lakini si mwatamiaji wa kutegemea, na watoto wake hawatoki sawa na mama yao. Ukimtaka, mwingize mwaka wa pili, ukishajua kuwaweka hai hao ulio nao.

Hatua ya nne: kuatamisha

Hapa ndipo fedha ilipo, na ndipo nitakaposema mengi.

Kuku wetu hutaga mayai kama 12, akaatamia siku 21, akalea, akarudia. Mara tatu kwa mwaka ukimtunza. Tuseme katika kila mayai 12 mnakula mawili, mnaatamisha kumi, wanatotolewa wanane. Kwa matetea kumi ni vifaranga 240 kwa mwaka. Wakiachwa wazurure na mama zao tangu siku ya kwanza, ni kawaida wabaki watatu katika kila kumi: 72. Wakichanjwa na kufunikwa tenga, ukapata saba katika kila kumi, ni 168. Matetea ni wale wale, mayai ni yale yale. Hizo 96 za tofauti zimo kwenye chupa na kwenye tenga.

Mayai ya kuatamisha yasizidi wiki moja. Yahifadhi mahali pa baridi, ncha nyembamba chini. Usiyaoshe. Chagua ya ukubwa wa kati, acha yenye nyufa na yaliyopinda. Andika tarehe kwa penseli.

Ukiweza, fanya matetea wawili au watatu waatamie siku moja. Kila kuku anapotaga, toa mayai yake, acha moja tu kwenye kiota ili asikihame. Wote wakishaanza kung'ang'ania viota, wagawie mayai usiku, wakiwa wametulia. Wakitotoa pamoja unaweza kumpa mmoja vifaranga wa wawili, na yule mwingine akarudi kutaga upesi.

Siku ya saba, usiku, chukua simu yako. Washa tochi, zungushia kidole gumba na cha shahada pale mwanga unapotokea, weka yai juu. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui. Mara ya kwanza nilipomwita mwanangu wa mwisho aone, alinyamaza, kisha akaniambia, "Baba, linacheza." Lililo jeupe tupu halina kitu, litoe, lisimpe mama kazi ya bure. Lenye duara la damu bila mishipa limekufa, nalo litoe kabla halijawa viza na kupasuka chini yake.

Hatua ya tano: wiki sita za vifaranga

Mwewe, paka, nguchiro, mvua ya jioni, miguu ya ng'ombe. Kifaranga ana maadui wengi kuliko mwanasiasa. Dawa yao ni tenga kubwa la kusukwa, au fremu ya fito yenye wavu, unalofunika juu yao mchana uani, pamoja na mama yao siku za mwanzo. Baadaye acha upenyo ambao vifaranga wanapita na wakubwa hawapiti. Chakula chao kiwe ndani ili wasinyang'anywe. Hamisha tenga kila siku mahali pakavu.

Wakifika wiki ya nne watenge na mama. Atapiga kelele siku mbili, kisha atasahau, na kabla ya muda mrefu ataanza kutaga tena. Vifaranga wabaki kwenye tenga mpaka wiki ya sita au ya nane.

Ukinunua vifaranga wa mashine wasio na mama, wewe ndiwe mama. Wazungushie karatasi ngumu kwa umbo la duara, bila pembe, maana kwenye pembe hurundikana na kukabana. Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakijikusanya karibu na sigiri wanasikia baridi. Wakikimbilia ukutani midomo wazi wanaungua. Wakitawanyika kama mahindi yaliyoanikwa, hapo ndipo. Mkaa uwashwe nje kwanza, uingizwe ukiwa mwekundu usio na moshi, na pawe na tundu la hewa. Hewa ya mkaa, hata usiotoa moshi, inaua vifaranga, na inaua watu vile vile.

Hatua ya sita: chakula ambacho hakitoki dukani

Kuku anayezurura hujipatia sehemu kubwa ya chakula chake. Unachomwongezea ni gramu 30 hadi 50 kwa siku, mpe jioni, ndipo naye atazoea kurudi nyumbani. Mchanganyiko ninaoutumia kwa wakubwa, kilo kumi: pumba za mahindi kilo 5, mahindi ya kuparaza kilo 2, mashudu ya alizeti kilo moja na nusu, mukene (dagaa wakavu) kilo 1, ganda za konokono zilizosagwa nusu kilo, na chumvi vijiko viwili vya kulia. Vifaranga wasipewe huu, ganda zimezidi kwao. Wao wapate chakula cha vifaranga angalau mwezi wa kwanza. Ukitumia soya, ikaange kwanza. Soya mbichi inazuia chakula kusagika tumboni.

Mukene nunua kwa macho yako. Wetu hutoka Majanji, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, na aliyeanikwa chini hubeba mchanga mwingi. Chukua konzi moja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, ngoja kidogo. Tazama chini ya glasi. Ukiona tabaka la mchanga, unauziwa ufuo wa ziwa kwa bei ya samaki. Mahindi yenye ukungu nayo usiseme "hayo ni ya kuku". Sumukuvu inaua kuku polepole, na mwenye kula yai ni mwanao.

Mchwa ni wa bure. Jioni chukua chungu kikuukuu, jaza mabua makavu na samadi kidogo ya ng'ombe, nyunyiza maji, kipindue juu ya tundu la mchwa, funika na majani ya ndizi. Asubuhi kabla ya jua kali kiinue haraka, kikung'ute mbele ya vifaranga, kisha simama utazame fujo. Doodo (mchicha), majani ya sukuma na mapapai yaliyoiva mno, vyote twaa. Maji safi yasikose kutwa nzima. Chombo kioshwe kila asubuhi.

Magonjwa mengine kwa ufupi

Kuhara damu kwa vifaranga huchochewa na unyevu sakafuni; kausha banda kwanza, halafu tafuta dawa. Ndui ina chanjo yake ya kwenye bawa, ulizia wakifika wiki ya sita hadi ya nane. Gumboro huwapiga zaidi kuku wa kisasa, nayo ina chanjo. Minyoo: dawa kila miezi mitatu. Viroboto wanaoganda kuzunguka macho wapakwe mafuta mazito ya kujipaka, usitumie mafuta ya taa. Na kwenye kona kavu weka shimo la majivu na mchanga, wataoga wenyewe.

Dawa za binadamu ziacheni. Mwaka 2023 habari ya watu kuwalisha nguruwe na kuku ARV, dawa za UKIMWI, ilifika Bungeni. Hata dawa halali ya kuku ina siku za kungoja kabla mayai hayajaliwa. Soma karatasi yake.

Hatua ya saba: nani anakula, nani ananunua

Kanuni ya kwangu ni kwamba yai la mtoto linatoka kabla ya yai la mteja. Tuna wanne, na hilo halijadiliwi hata ada ya shule ikiwa inabisha hodi.

Kundi likikua, yanayobaki yana soko mlangoni. Kila kituo cha boda kina mtu wa rolex, ile chapati inayokunjwa na mayai ya kukaanga, na kila rolex inakula mayai. Mwendee mmoja, muahidi trei moja kila Jumatatu, na usikose. Anayepikia chapati hawezi kusubiri kuku wako apate hamu ya kutaga, kwa hiyo muungane nyumba tatu au nne kujaza trei yake. Majogoo uza Desemba na sikukuu za Idi. Ng'ambo ya mpaka bei huwa nzuri, lakini usijenge nyumba juu yake: Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ilipothibitishwa Uganda, Kenya ilifunga mlango kwa kuku wetu, na waliokuwa na mnunuzi mmoja tu wa ng'ambo walikaa na mizigo yao. Ukisafirisha kuku wengi, chukua kibali kwa daktari wa mifugo kwanza.

Daftari liwe na mistari minne tu kwa wiki: mayai yaliyopatikana, yaliyoliwa, yaliyouzwa, waliokufa na sababu. Mstari wa mwisho ndio utakaokufundisha.

Hatua ya nane: kuku anayezunguka

Kundi lenu la chanjo likishakaa mwaka mmoja bila kugombana, ligeuzeni kuwa la kuzungusha kuku. Nyumba isiyo na kitu inapewa matetea matano waliochanjwa. Haidaiwi fedha. Inarudisha matetea matano wachanga, nao wanakwenda nyumba inayofuata, si kwa aliyetoa mwanzo. Wekeni masharti mawili kabla ya kumpa mtu: awe na mahali pa kulaza kuku pasipopenyeka paka, na awe amehudhuria chanjo angalau mara moja, hata kama alikuja kushika taa tu. Samadi ya mabanda rundikeni iive wiki kadhaa kabla ya kuipeleka kwenye migomba. Ikiwa mbichi inaunguza.

Wa kwanza kupewa kwetu alikuwa shangazi, yule aliyepoteza kuku wake kwa ajili ya jogoo wangu. Yeye ndiye anayeshika daftari la chanjo sasa. Kila Novemba hunigongea saa kumi na moja alfajiri, sijanywa hata chai, na swali lake la kwanza ni kama nina kuku mgeni.